Maandishi Yasomwayo kwa Vidole

Watoto, mnaposoma kitabu hiki mwatumia macho. Lakini yuko mtoto asiyeona. Naye je, aachwe bila elimu? Sikilizeni jinsi alivyofunguliwa mlango.

Mwaka 1809, katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mtoto jina lake Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku moja mtoto, umri wake miaka mitatu, alichezea chuma cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Jicho likaharibika, na ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris katika chuo cha vipofu. Huko vilikuwako vitabu vyenye herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi. Mwanafunzi alizipapasa moja moja, pole pole mno. Tena vitabu vilikuwa vizito na vichache. Na lililo baya zaidi, hakuweza kuandika kwa urahisi maneno ya moyoni mwake.

Baadaye Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alileta chuoni maandishi ya nukta zilizoinuliwa, nukta 12. Braille akaona kwamba kidole hutambua nukta upesi kuliko herufi, lakini 12 ni nyingi, hazienei chini ya ncha ya kidole. Akazipunguza hata zikawa sita. Mwaka 1824, naye ana miaka 15 tu, kazi ilikuwa karibu kutimia; akaichapisha mwaka 1829.

Namna yake ni hii. Nukta zimepangwa kama mashimo ya bao, tatu kushoto na tatu kuume. Nukta ya juu ya kushoto, peke yake, ni a. Pamoja na ile iliyo chini yake ni b. Basi neno “baba” ni nukta mbili, moja, mbili, moja. Kwa kuzipanga nukta hizo sita hupatikana alama 63.

Mwenye kuandika hubana karatasi katika kibao chenye vijumba, akaichoma kwa chuma chenye ncha. Kwa kuwa nukta hutokea upande wa pili, huanza kuume kwenda kushoto. Kisha huigeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Tazameni: chuma hicho chafanana na kile kilichompofusha.

Je, walimu wote walifurahi? Sivyo. Wenye macho walipenda herufi walizozizoea wenyewe. Wakati mmoja nukta zilikatazwa chuoni, nao wanafunzi wakazitumia kwa siri. Braille alikufa mwaka 1852. Mwaka 1854 ndipo zilipokubaliwa rasmi. Huku kwetu, shule ya vipofu ya Thika, Kenya, ilianzishwa mwaka 1946. Na siku hizi ziko mashine za kompyuta zinazoinua nukta zizo hizo chini ya vidole vya msomaji.

Basi chombo cha kufundishia hakipimwi kwa macho ya mwalimu, bali kwa faida aipatayo mwanafunzi.

Zoezi: Chukua karatasi nene na mwiba. Andika “baba”, ukikumbuka kuanza kuume. Mpe mwenzako aliyefumba macho, asome.