Chavua ya Mchikichi Usiozaa

Ukiokota chikichi chini ya mchikichi mzuri wa jirani, ukaziotesha shambani kwako Kirungu, usitegemee kuvuna kama yeye. Mti ule wenye nyama nyingi na kokwa la ganda jembamba huitwa tenera, nao ni chotara. Tenera ikichavushwa na tenera nyingine, kwa wastani nusu tu ya miche hufanana na wazazi. Robo huwa dura, yenye ganda nene na mawese kidogo. Robo iliyobaki ni pisifera, isiyo na ganda, ambayo mara nyingi matunda yake huoza kabla ya kuiva.

Fumbo hilo lilifumbuliwa humu humu Kongo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa kituo cha Yangambi, walionyesha kwamba mama dura akipewa chavua ya pisifera, watoto wote huwa tenera. Mti ambao mkulima angeukata kwa kukosa matunda ndio baba wa mbegu bora, na anachotoa ni ule unga wa manjano tu.

Unga huo una haraka. Ua la tikiti hufunguka alfajiri na kusinyaa siku hiyohiyo, lakini walau dume na jike huchanua pamoja. Mchikichi hutoa mashada ya kiume na ya kike kwa zamu. Mama akiwa tayari, huenda baba hana ua hata moja. Lazima chavua iwekwe akiba, na ikiachwa mbichi kwenye joto hufa baada ya siku chache.

Shada la kiume hufungwa mfuko kabla halijachanua, ili wadudu wasilete chavua ya miti mingine. Likichanua hukatwa, chavua ikachekechwa na kukaushwa taratibu, maana unyevu huiua upesi. Ndani ya chupa iliyoondolewa hewa, kwenye friza ya nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri, hudumu zaidi ya mwaka. Pasipo umeme wa uhakika, chupa iliyozibwa vizuri pamoja na kikausha unyevu huiongezea wiki kadhaa, na kwa shamba dogo la mbegu muda huo unafaa sana.

Kabla ya kuitumia, ipimwe: nyunyiza kidogo kwenye maji ya sukari, kisha tazama kwa hadubini ni chembe ngapi zimechipua. Zikiwa chache, usiipulize kwenye shada la mama, kwa sababu matunda yake huchukua miezi mitano au sita kuiva, nawe utakuwa umesubiri bure.