Kijidudu cha TB na Mtu Wake wa Mkono

Katika vikundi vyetu vya Kayole, Dandora na Mathare kuna swali lisiloisha: mbona mgonjwa wa TB apewe dawa nne, tena kwa miezi sita, hata akisikia amepona? Wengine husema ni kusumbuliwa tu. Jibu limo ndani ya kijidudu chenyewe, kwa hivyo hebu tuingie humo.

Kila chenye uhai, iwe ni mtu, sukuma wiki au kijidudu, hujijengea protini zake. Kazi hiyo hufanywa na ribosomu, ambazo ni ndogo hata darubini ya zahanati haizioni. Fikiria fundi wa mjengo. Anasoma ramani herufi tatu tatu, na kila tatu zinamwambia jiwe gani lifuate. Mawe yenyewe, yaani amino asidi, ni ya aina 20.

Lakini fundi hajiletei mawe. Anaye mtu wa mkono, protini ambayo wataalamu huiita EF-Tu. Huyu huja amelikumbatia jiwe, wala haliachilii hivi hivi. Kwanza hulinganishwa na ramani. Likifaa, ribosomu hujikaza kidogo, na mtu wa mkono naye hugeuka umbo: mikono inafunguka, jiwe linabaki kwa fundi, yeye huyoo, anafuata lingine. Lisipofaa, hageuki, anaondoka nalo. Baadaye protini nyingine, EF-G, nayo hugeuka umbo na kusukuma kazi mbele herufi tatu. Kumbe huko kugeuka umbo ndiko kunakosema "weka" au "songa". Hakuna msimamizi wa kupiga kelele, na mjengo unaenda sawa kuliko mingi ninayoiona huku kwetu!

Sasa dawa. Streptomisini, ile sindano ambayo wazee wetu waliougua TB wanaikumbuka kwa uchungu wake, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Huingia katika ribosomu ya kijidudu na kuifanya ijikaze hata kwa jiwe lisilofaa. Mtu wa mkono anadanganyika, anafungua mikono, na jiwe baya linaingia ukutani. Protini zinatoka mbovu na kijidudu kinakufa. Ribosomu zetu sisi zina umbo tofauti kidogo, ndiyo sababu mgonjwa hakufa pamoja na kijidudu, ingawa wengine waliharibika masikio.

Shida ni hii. Mapafu ya mgonjwa yana vijidudu mamilioni, na mmoja wao huweza kuzaliwa na badiliko dogo kwenye protini ya ribosomu iitwayo S12. Kwake dawa haishiki. Ukitumia streptomisini peke yake, wenzake wanakufa, yeye anabaki na uwanja wote anazaana. Jambo hilo lilionekana Uingereza katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1948: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengine wakarudi chini. Ndipo ikawa lazima kuongeza dawa ya pili inayopiga mahali pengine. Isoniazidi hupiga ukuta wa nje wa kijidudu; rifampisini huzuia ramani isinakiliwe. Kijidudu cha kuponyoka zote kwa pamoja ni nadra sana.

Na miezi sita je? Hapo Afrika Mashariki ilitoa mchango wake. Zamani matibabu yalichukua miezi 18. Mwaka 1972 madaktari wa kwetu na wa Uingereza walitangaza matokeo ya miezi sita: waliopewa streptomisini, isoniazidi na rifampisini, kama 3 tu katika 100 waliugua tena. Waliokosa rifampisini, wakabaki na zile mbili tu, walikaribia 30.

Siku hizi sindano hiyo haimo katika matibabu ya kwanza. Mgonjwa hupewa vidonge vya dawa nne kwa miezi miwili, kisha viwili kati yake, isoniazidi na rifampisini, kwa miezi minne. Akichagua anachopenda na kuacha kingine, au akiacha kabisa mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimetulia, anawaachia nafasi wale wachache wagumu, nao ndio watakaowafikia watoto wake chumbani.

Dawa hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kinachowashinda wengi ni nauli na chakula, na hapo kikundi kinaweza kuingia: shilingi chache kutoka kwa mchango wa kila wiki, na mwanachama mmoja wa kumpitia mgonjwa kila asubuhi. Mwenye kikohozi kisichokwisha, jasho la usiku au anayekonda, apelekwe akapimwe makohozi wiki hii.