Njia za Milimani Zinazofikika kwa Basi: Je, ni Mradi wa Parokia?



Tumezoea kupokea maombi ya visima, mabati na mashine za kukoboa. Safari hii baadhi ya kamati zimeleta ombi la aina nyingine: nyumba ya wageni kwa ajili ya watu wanaopenda kutembea milimani. Wazo hilo si baya. Hata hivyo, kabla hatujamwomba mtu yeyote fedha, tumeona ni vyema tueleze jinsi kazi hii inavyokwenda kule ilikoanza zamani, na nini kinawezekana kwa sisi tulioko Naipingo, Nachingwea na Ruangwa.

Mgeni wa basi ni nani?

Watalii wengi tunaowasikia hufika kwa gari la kampuni, chakula kikiwa ndani ya gari na malazi yakiwa yamelipiwa mjini. Wakiondoka, kijiji kinabaki na vumbi. Mgeni wa basi ni tofauti. Ni mwalimu aliye likizo, kikundi cha vijana wa kwaya, mwanafunzi wa chuo au kijana wa kigeni mwenye mfuko wa mgongoni. Hana gari wala mpishi. Akishuka stendi atamtafuta mama lishe, dereva wa bodaboda, mahali pa kulala na mtu wa kumwonyesha njia. Fedha yake si nyingi, lakini inapita mikononi mwa watu wetu wenyewe.

Jambo la pili ni ratiba. Njia ya mlimani inayotegemea basi hupimwa kwa kuanzia mwisho: basi la mwisho la kurudi linapita saa ngapi? Ukijua hilo, ndipo unapojua mgeni aanze kupanda saa ngapi, na kama anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo au ni lazima alale. Kamati isiyojua saa za mabasi haijawa tayari kupokea wageni.

Lushoto: sehemu ya fedha hubaki kijijini

Mfano unaojulikana sana ni Lushoto, katika milima ya Usambara. Mabasi hupanda kutoka Mombo, na kutoka mjini Lushoto mtu hutembea kwa miguu hadi Irente, penye jabali linalotazama nyika iliyo chini. Njiani yapo mashamba ya watu, na pia shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambako mgeni hupata mkate na jibini.

Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha mpango wa utalii wa kitamaduni hapa nchini, na Lushoto ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Baadaye kazi hiyo iliachiwa Bodi ya Utalii Tanzania na vikundi vya wenyeji. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mgeni hulipa ada. Sehemu ni ya kiongozi wa njia, sehemu ni ya chakula, na sehemu huwekwa kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Tunaomba kamati ziangalie jambo moja: kazi ilianza na njia ambazo watu walikuwa wakizitumia kwenda shambani na sokoni. Hakuna aliyechonga mlima upya.

Mang'ula: njia ni ya nani?

Mfano wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Mabasi ya Ifakara hupita Mang'ula, karibu kabisa na lango la hifadhi. Huko hakuna kuzungushwa kwa gari kutazama wanyama. Msitu hutembelewa kwa miguu. Wengi huenda kuona maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 150.

Lakini Mang'ula inatufundisha pia jambo gumu. Kwa miaka mingi wanakijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Zipo sababu za kulinda msitu, kwani ndio unaotunza mito inayonywesha bonde la Kilombero. Hata hivyo, kwa mama aliyekuwa akipanda njia ile na kamba yake ya kuni, badiliko lile liliingia moja kwa moja jikoni. Tukiufungua mlima kwa wageni, tusije tukaufunga kwa wenyeji.

Huku kwetu

Milima iliyo rahisi kufikiwa kwa basi kutoka kwetu iko upande wa Masasi. Mtu wa Nachingwea hufika Masasi na kuyaona majabali makubwa yaliyouzunguka mji. Chini ya mlima Mtandi lipo kanisa kuu la Kianglikana, na historia ya mahali hapo inaanzia mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka pwani ya Lindi na watu waliokombolewa utumwani, ambao wengi wao walijenga makao yao hapo.

Mtu wa Ruangwa naye hushuka Nanganga kwenye barabara kuu, kisha hupanda gari la kwenda Ndanda. Hapo, nyuma ya abasia ya Wabenediktini waliofika mwaka 1906, unainuka ukingo wa uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda huo maji yalikuwa haba. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyetembelea Masasi na Newala mwaka huo huo wa 1906, aliandika jinsi watu wa juu walivyoyafuata maji mabondeni. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo mradi mkubwa wa kusukuma maji juu ya uwanda ulipoanza. Kwa hiyo mgeni anayepanda kingo hizo akihema na chupa yake ya maji aambiwe ukweli huu: wanawake walipanda kingo kama hizi wakiwa na mtungi kichwani.

Rondo nayo ina msitu wenye sifa, na yupo komba mdogo sana anayeitwa kwa jina la mahali hapo. Lakini msitu uko mbali na barabara kuu, na kuingia kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Tunashauri usiwe mwanzo wetu.

Hesabu ya kweli

Tuchukue mfano tu. Tuseme njia moja inapata wageni 10 kwa mwezi, na kila mmoja analipa shilingi 15,000. Hizo ni shilingi 150,000. Kiongozi wa njia apate 80,000, mama lishe 40,000, na mfuko wa kijiji 30,000. Wakati wa masika miamba huteleza na wageni hupungua, kwa hiyo tuhesabu miezi sita ya kiangazi. Kiongozi atapata 480,000, na mfuko wa kijiji 180,000.

Fedha hiyo haijengi zahanati, wala hairudishi gharama ya nyumba ya wageni. Lakini kwa kijana anayesubiri msimu wa korosho ni msaada wa kweli, na mfuko wa kijiji unaweza kununua madawati machache. Kwa sababu hiyo msimamo wetu ni kwamba hatutapeleka kwa wafadhili ombi la jengo kabla njia yenyewe haijatembewa mwaka mzima.

Tunachoomba kamati zifanye

Kwanza, andikeni saa za mabasi, ya kwenda na ya kurudi. Pili, itembeeni njia pamoja na wazee na akina mama, mkiuliza ni wapi pa matambiko, pa makaburi, pa kuni na pa maji, na ni wapi mgeni asipite. Tatu, pateni idhini ya serikali ya kijiji, na ya ofisi ya misitu pale inapohusika. Nne, chagueni viongozi wa njia wawili au watatu, mmoja wao awe msichana, nao wafunzwe huduma ya kwanza. Tano, wekeni choo safi, daftari la wageni na kitabu cha stakabadhi. Mapato yasomwe mbele ya watu, kama yanavyosomwa ya kanisani.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mafunzo ya huduma ya kwanza na vibao vya njia ni msaada mdogo utakaofika mbali kuliko kuta nne zisizo na mgeni. Na mkija kututembelea, tunawaomba siku moja muache gari. Njooni kwa basi, mkae na watu, mle kwa mama lishe, kisha mpande mlima nasi. Mtakuwa mmekwisha kuchangia kabla ya kufungua mkoba.