Kutoka Picha ya Düsseldorf hadi Tenzi za Rohoni

Mbozi Mission, katika Mkoa wa Songwe, ni kituo cha Kanisa la Moravian kilichoanzishwa mwaka 1899 katika nchi ya Wanyiha. Kwa mtafiti wa lugha, jina la mahali hapa humkumbusha Traugott Bachmann, mmisionari aliyekaa hapo hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kufasiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Ni wachache watakaolihusisha jina hilo na picha ya rangi iliyochorwa na Mwitalia katika karne ya 17. Walakini uhusiano upo, nao umepita njia mbili: ya kwanza ni ya historia ya kanisa, na ya pili ni ya ushairi. Hii ya pili ndiyo inayowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili.

Mchoraji huyo ni Domenico Feti, aliyefariki mwaka 1623. Picha yake, iitwayo Ecce Homo, yamwonyesha Kristo amevikwa taji ya miiba, mikono imefungwa kamba. Chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini ambayo kwayo mwenye kutazamwa humwambia mwenye kutazama kwamba ameteswa kwa ajili yake, kisha humwuliza yeye naye ametenda nini. Mwaka 1719 kijana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyekuwa na umri wa miaka 19 hivi, aliiona katika jumba la picha la Düsseldorf, Ujerumani, alipokuwa katika safari ya kujielimisha. Swali lile likamchoma. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa makao katika ardhi yake, wakajenga mji wa Herrnhut. Mwaka 1732 wakaanza kupeleka wamisionari ng'ambo. Mwaka 1891 wakafika Rungwe, na kutoka huko kazi yao ikaenea hadi Mbozi. Isidhaniwe kwamba picha moja ilizaa kanisa zima. Zinzendorf alikuwa amekwisha kulelewa katika uchaji Mungu na bibi yake tangu utotoni, na pengine picha ilimkuta tayari.

Njia ya pili ilianza Januari 1858, kwa Mwingereza Frances Ridley Havergal, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Naye alikuwa Ujerumani alipotunga, baada ya kuona picha na maneno yale yale, wimbo ambao kwa Kiswahili hujulikana kwa jina la Nalikupa Wewe. Yasimuliwa kwamba aliandika kwa penseli, hakupendezwa na alichoandika, akakitupa motoni, na karatasi ikaokolewa. Baadaye baba yake, William Henry Havergal, aliutungia wimbo huo sauti. Wako wasemao kwamba aliiona picha katika jumba la Düsseldorf, mji aliopata kusoma miaka ya 1852 na 1853. Kauli hiyo haiwezi kusimama, maana mkusanyo wa jumba lile ulikuwa umehamishiwa Munich mwanzoni mwa karne ya 19. Alichokiona, basi, ni nakala.

Jambo hili la nakala si dogo. Katika nakala rangi hufifia, lakini maandishi hubaki yalivyo. Na ukiutazama wimbo wa Havergal utaona kwamba umejibu maandishi kuliko rangi. Ubeti wake wa kwanza hauitaji miiba wala kamba. Unachokishika ni sauti ya anayesema kutoka ndani ya picha. Katika miaka ya karibuni waandishi vijana wa Uholanzi na wa Flanders wamealikwa kutunga kazi fupi juu ya vitu vya kale vya jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, na wengi wao nao wamechagua kukipa kinywa kile kilichonyamaza. Ila msomaji wao akitaka huenda akakitazama kitu chenyewe. Mwimbaji wa Mbozi hana picha mbele yake, na pengine hajui kama ilipata kuwapo. Kazi yote iliyofanywa na uso uliochorwa imeiangukia lugha.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapostahili kuangaliwa. Tafsiri iliyomo katika Tenzi za Rohoni ina mishororo sita katika ubeti, kila mmoja wa mizani sita. (Kwa kanuni za pwani huo si utenzi, kwa kuwa utenzi una mizani nane na mishororo minne, jina la kitabu lisimpoteze mwanafunzi.) Kitenzi cha kwanza kimebeba nafsi mbili pamoja, mtoaji mwanzoni na -ku- ya mpokeaji katikati, hata haiwezekani kumtaja mmoja bila mwenzake. Kisha mfasiri ameongeza kiwakilishi kamili cha mpokeaji. Kwa sarufi tupu hakihitajiwi. Kwa msikiaji ni kama kidole kilichonyoshwa.

Vina navyo vimetumika kwa werevu. Mshororo wa pili na wa nne ya ubeti wa kwanza huishia kwa -ni ya mahali. Sikio likiisha kuizoea, wa tano huja na -ni nyingine, ile ya kuuliza, iliyogandamana na kitenzi, na wa sita hufunga kwa kiulizi kamili. Sauti ni ile ile, kazi imegeuka. Pamoja na hayo wakati umebadilika: kutoa kulielezwa kwa -li-, lakini maswali yameulizwa kwa -me-, yaani shauri halijaisha, na anayeulizwa angali amesimama pale.

Tena maswali ni mawili, ambapo Kilatini cha kwenye picha na Kiingereza cha Havergal vina moja tu. Swali lililoongezwa limejengwa juu ya kitenzi kunyima. Huenda mfasiri alikuwa akitafuta mizani sita za kujaza nafasi. Hata kama ni hivyo, alichookota ni neno zito. Kunyima si kutotoa tu: ni kuzuia kitu ambacho mwenzio alikitazamia kwako, na mnyimivu husemwa vibaya katika kila kijiji. Anayesema katika utenzi huu ajiweka mwenyewe kwanza mbele ya shtaka hilo, na baada ya kuonekana hana hatia ndipo amgeukiapo anayeimba. Feti aliipata nguvu ya namna hiyo kwa macho yanayomtazama mtu. Mfasiri aliipata kwa kitenzi kimoja na kiambishi chake.