Mbasa Apandaye Ruhuhu

Katika basi literemkalo kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kati ya mibuni na mashamba ya ngolo, yaani ya mashimo, ya Umatengo, dereva alipiga wimbo wa gitaa ambao abiria wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliupokea kwa vicheko na kuinamisha nyuso, ilhali Wamatengo wa milimani walioketi karibu nami waliusikiliza kimya. Wimbo ulitaja samaki, mto na wavu. Mapenzi hayakutajwa hata mara moja. Jambo hilo lilinikaa moyoni hata nikamtafuta mtunzi, nikampata Lituhi, karibu na mahali Mto Ruhuhu umwagapo maji yake ziwani, naye akakubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje.

Samaki mwenyewe ni mbasa, mwenye magamba ya rangi ya fedha, ambaye mvua zikiujaza mto huliacha ziwa, akaushinda mkondo mpaka penye changarawe safi, akataga mayai, kisha akarejea. Katika wimbo, mwanamke ndiye mbasa. Na mwimbaji, ambaye msikilizaji mwenye haraka atamdhania kuwa mvuvi, ndiye mto. Hapo ndipo istiari hii iliponiteka. Mvuvi angalikuwa na mtumbwi, ndoana na hila. Mto hauna mikono, hauwezi kumwita samaki ila kwa kujaa, na mvua ya kuujaza si milki yake. Kwa hiyo mwimbaji haombi kupendwa: auliza tu kama huko juu milimani kumenyesha. Tena mlangoni pa mto pametandwa wavu, wala haisemwi ni wa nani.

"Wanawake wa hapa husema wavu ni mahari," aliniambia. "Vijana husema ni tajiri wa mjini. Mama yangu mzazi alisema ni mimi mwenyewe, nisiyethubutu kunena wazi. Wote nawaachia. Nikimtaja mwenye wavu, yule aliyenaswa na wavu mwingine hatakuwa na pa kuingilia."

Aliwahi kuupeleka wimbo huo studio Dar es Salaam, akashauriwa amwondoe mbasa aweke asali, kwa kuwa asali yajulikana nchi nzima. Alikataa, nami naona alifanya haki. "Asali haipandi mto, ndugu yangu. Ningebaki na sifa tupu, safari imekwisha."

Nikamtajia marehemu Remmy Ongala, aliyeimba Mambo kwa Soksi kuwahimiza watu watumie kondomu zama UKIMWI ulipokuwa ukienea, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo, maana soksi ile ilikuwa dhahiri kwa kila mtu. Alifikiri kitambo. "Mzee Remmy alichukua kitu kilichomo katika kila nyumba, kwa sababu maradhi yalibisha hodi kila nyumba. Mimi namwimbia mtu mmoja."

Lakini wale Wamatengo wa basini je? Mvua inayoulizwa hunyesha milimani kwao, nao hawakujua kwamba wanaulizwa.

Na mbasa wanapungua, kwani wengi hunaswa milangoni pa mito kabla hawajataga. Mtunzi alisema wako watoto Lituhi waujuao wimbo wote kwa ghibu, hali hawajapata kumwona mbasa akipanda. Ameanza kutunga ubeti mwingine, ambamo mto umefurika na hapana apandaye. Ila hajajua bado, alisema, kama ubeti huo wamhusu mwanamke au samaki.