Viti na Kura: Mizani ya Baraza la Visiwani

Katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo, ambako maduka ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba yamepakana na ya watu wa Bara, mazungumzo ya siasa hayakosi hesabu. Chama hiki kimepata viti vingapi, na kile vingapi? Hesabu hiyo ni halali, na sisi wa Chama ndio wa mwisho wa kuidharau, kwani kutoka Gerezani ni mwendo mfupi tu hadi mtaa wa Lumumba, mahali ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hata hivyo, tunaona kwamba mara nyingi hesabu hiyo hufanywa nusu. Huhesabiwa viti, zikasahauliwa kura. Na historia ya Visiwani inatufundisha kuwa hesabu ya nusu ina gharama kubwa.

Katika uchaguzi wa Januari 1961, Zanzibar ilikuwa na majimbo 22. Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Hizbu viti 9, na ZPPP viti 3. Kiti kimoja kati ya hivyo 10, yaani cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Wajumbe 3 wa ZPPP wakagawanyika: 2 wakaenda upande wa Hizbu, na 1 upande wa ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Asemaye kwamba kura yake moja haina uzito, na aikumbuke Chake Chake.

Uchaguzi ukarudiwa Juni 1961, na jimbo moja likaongezwa ili mizani isisimame tena katikati. ASP ilikaribia nusu ya kura zote, lakini ikapata viti 10 kati ya 23. Hizbu nayo ilipata 10, na kwa viti 3 vya ZPPP ikaunda serikali. Fujo zilizozuka siku hizo ziliua watu 68. Miaka miwili baadaye, Julai 1963, jambo hilo lilidhihirika zaidi. ASP ilipata asilimia 54 ya kura, lakini ilipewa viti 13 tu kati ya 31. Hizbu iliyopata 12 na ZPPP iliyopata 6 zikaungana na kutawala.

Ilikuwaje walio wengi wakawa wachache ndani ya Baraza? Hapakuhitajika uchawi. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, hasa Unguja, na wenzao walishinda majimbo mengi zaidi kwa tofauti ndogo. Jimbo linaloshindwa kwa maelfu hutoa kiti kimoja, na linaloshindwa kwa makumi hutoa kiti kimoja vile vile. Kwa hiyo anayechora mpaka wa jimbo ana kalamu yenye nguvu kuliko ya mpiga kura. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi, kwani dhuluma zilikuwa nyingi na za miaka mingi. Tunasema kwamba Baraza lisilofanana na watu wake halikuwa na mtu wa kulitetea lilipoanguka. Tangu hapo Baraza la Mapinduzi lilishika na kazi ya kutunga sheria, hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980.

Upande wa Bara, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, na vingi kati yake havikupata mpinzani. Chama kilikuwa na akili ya kutambua kwamba ushindi wa namna hiyo una hatari yake: mbunge asiyeshindanishwa hana sababu ya kumsikiliza mwananchi. Ndiyo maana mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili walisimamishwa katika majimbo karibu yote, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wapiga kura walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani. Viongozi wa wakati ule hawakuona haya kushindwa na wananchi wao.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Visiwa vilirudi katika mizani ile ile nyembamba. Mwaka 1995 CCM ilipata viti 26 vya majimbo na CUF viti 24, na viti vyote 21 vya Pemba vikaenda CUF. Yalifuata miaka ya chuki, na Januari 2001 damu ikamwagika. Dawa ilipatikana kwa shura: katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi uliofuata ulitoa viti 28 kwa 22, na safari hii aliyeshindwa hakuachwa mlangoni. Kumbe tofauti ndogo si balaa, ikiwa aliyeshindwa anaona sehemu yake katika nyumba.

Lakini uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na CUF. Baraza likabaki bila upinzani wake mkuu. Wako wenzetu waliolifurahia jambo hilo. Sisi hatukuona la kufurahia. Chama chetu ni mrithi wa ASP, na kinajua kwa urithi uchungu wa kura ambazo hazikuonekana katika viti. Haiwezekani tuite dhuluma jambo lililotupata mwaka 1963, kisha tuliite ushindi likimpata mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa maofisa wa serikali na wa Tume, tunasema mpaka wa jimbo ni amana. Majimbo ya Zanzibar yalikuwa 50, yakafanywa 54 kwa uchaguzi wa 2015, kisha yakarudishwa 50 kwa uchaguzi wa 2020. Kila badiliko la namna hiyo lahitaji kuelezwa kwa wananchi kwa hesabu iliyo wazi. Na kila yanapotangazwa matokeo, idadi ya kura kwa kila chama nchi nzima itangazwe pamoja na idadi ya viti, ili watu wapime wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, tunakumbusha kwamba Baraza lenu halikomei Chukwani. Wajumbe 5 huchaguliwa kutoka humo kuingia katika Bunge la Muungano, Dodoma. Mizani ikipinda Visiwani, hupinda na huko. Kwa hiyo jambo hili si la Wazanzibari peke yao, wala si la upinzani peke yake. Ni letu sote, na kwanza kabisa ni la yule aliyeshinda.