Je, Wajua? Dadu, Watani na Ugomvi wa Maneno

Je, wajua kwamba Dungeons & Dragons, mama wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiwa umezaliwa na michezo ya vita ya vinyago? Gary Gygax na Dave Arneson waliujaza kanuni za panga na uchawi. Maneno yaliachiwa kona ndogo. Kwa kanuni hizo za mwanzo, mkikutana na zimwi, mwamuzi anarusha dadu mbili: 2 hadi 5, amekasirika, 6 hadi 8, anawapima, 9 hadi 12, mnaweza kuzungumza naye.

Je, wajua ugomvi uliobaki mezani tangu hapo? Mhusika wangu akitaka kumshawishi mhusika wako, tuamue kwa dadu au kwa mdomo? Wa dadu wanasema hata mchezaji mkimya ana haki ya kuigiza msemaji hodari. Wa mdomo wanasema dadu yako haiwezi kunikubalisha nisilolitaka. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa wakimya nawaonea huruma.

Je, wajua kwamba katika Dogs in the Vineyard, mchezo wa Vincent Baker wa mwaka 2004, mabishano huanza kwa maneno, na anayeelekea kushindwa ana njia mbili: akubali yaishe, au apandishe, kutoka maneno hadi ngumi, kutoka ngumi hadi bunduki? Kila hatua inampa dadu zaidi, na inaongeza maumivu.

Je, wajua kwamba Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kuna mchezo unaokwenda kinyume cha huo, ulioanzia kwenye mikuki ukashukia kwenye maneno? Wahehe na Wangoni walipigana vikali kuanzia mwaka 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Leo ni watani. Mngoni akitua Iringa na kuwekewa nyama mezani, lazima aulize kwanza kama ilikuwa inabweka. Mwenyeji naye atamkumbusha kwamba babu zake walikimbia wakasahau ngao.

Je, wajua mtani anavyocheza msibani? Watu wanalia, yeye anaingia amevaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake. Jeneza likitaka kutoka, anajilaza mlangoni.

"Hazikwi mtu hapa. Huyu ana deni langu la ulanzi."

"Shika elfu mbili, mtani, utupishe."

"Elfu mbili? Kwani mnazika kuku?"

Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado hayajakauka, bei inapanda kidogo, safari inaendelea. Katikati ya kelele hizo mtani anaweza pia kusema alichokificha ukoo mzima, kwa mfano kwamba ndugu wawili waliosimama kaburini hawasalimiani. Angelisema hilo mjomba, kikao kingevunjika. Akilisema mtani, hakuna anayeruhusiwa kununa. Ukinuna ndiyo umempa kazi ya siku nzima.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kwa kina juu ya utani wa Tanganyika alikuwa mtaalamu wa ndege? R. E. Moreau alifanya kazi Amani, Tanga, na makala yake ilitoka katika jarida la Africa mwaka 1944. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alishalizungumzia jambo hilo katika jarida hilohilo mwaka 1940: matusi yanayoruhusiwa, na marufuku ya kuyachukia.

Je, wajua kwamba huko Rungwe Wanyakyusa walikuwa na dawa nyingine ya ugomvi, ya kutowakutanisha wahusika kabisa? Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliokaa nao kati ya 1934 na 1938 walikuta vijana wa rika moja wakijenga kijiji chao mbali na baba zao. Mkwe wa kike hakupaswa kuonana na baba mkwe, na vijiji viwili vililirahisisha hilo. Kukaa na wenzako, kula na kupiga soga kuliitwa ukwangala, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kimechukua jina lake humo. Hasira ya kimyakimya waliiogopa kuliko kelele: kwenye matambiko, ndugu wenye kinyongo walitakiwa kukitamka kwanza.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2013 meza nyingi za michezo ya kuigiza wahusika huweka kadi yenye alama ya X, wazo la John Stavropoulos? Mchezaji akiona tukio limemzidi anaigusa tu, na tukio linabadilishwa bila kuulizwa sababu. Kwa mtani hakuna kadi. Unatoa hela.